Mausi isiyoumiza mkono: pima kiganja kabla ya kutoa hela

Oktoba minada ya korosho ikianza, karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, awe Newala au Nachingwea, hushinda akiingiza majina na kilo kwenye kompyuta. Vidole vikipata ganzi hulaumiwa kiti. Mimi nalaumu upana wa mausi.

Taa zake na wingi wa vitufe achana navyo. Mausi nyembamba hukulazimisha kuibana kwa gumba na kidole cha mwisho kutwa nzima, hata usipobofya kitu, na msuli wa chini ya gumba haupati kupumzika. Ilaze mezani, weka kiganja juu yake, legeza gumba, kisha isogeze. Ikichoropoka, hiyo si yako. Pima na kiganja chenyewe kwa rula, kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati.

Kisipozidi sentimita 19, chukua Logitech Lift, na mjadala uishie hapo. Imeinuka kwa pembe ya nyuzi 57, kwa hiyo kiganja hutazama pembeni badala ya kulalia meza. Inatumia betri moja ya AA, na mashoto wana toleo lao. Ila soma sanduku: ile ya Mac haina kipokezi cha USB, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kompyuta nyingi za mezani maofisini hazina Bluetooth. Kiganja kikizidi hapo, MX Vertical, pembe ileile, ya kuchaji.

Ya tatu ni Ergo M575, kwa meza iliyojaa leja. Haisogei, gumba ndilo huzungusha mpira. Gumba likiwa tayari linauma, iruke. Mpira ukianza kukwama, usukume kwa kalamu kupitia tundu la chini, ufute vile vitone vitatu unavyokalia. Jasho na vumbi hugandia hapo.

Bajeti ndogo? Ya waya, Logitech B100. Vile vimausi vifupi vya laptopu viache dukani.

Sasa wauzaji wetu wa Mtwara mjini. Sanduku halifunguliwi mpaka ulipe, na ukishalipa bidhaa hairudi. Kiatu tunajaribu, mausi hapana? Bei haibandikwi, na ukihoji unaambiwa nauli ya kutoka Dar. Nauli ya kitu cha gramu 125! Wakikubali kufungua, anza na kifuniko cha betri cha hiyo Lift: kipokezi hukaa humo, na kisipokuwemo usitoe hata shilingi.