The Imitation Game: nimeitazama mara mbili, ya pili na mjomba

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii peke yangu usiku, simu nimeizima, na mwishoni nikalia. Mara ya pili nilikaa na mjomba wangu, mwalimu wa hesabu mstaafu, naye akanitia mchanga kwenye kitumbua.

Kwanza nimpe Benedict Cumberbatch haki yake. Anaigiza kama Alan Turing, mwanahisabati wa Kiingereza ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Bletchley Park, kituo cha siri cha Waingereza, kufumbua ujumbe wa Wajerumani uliofichwa kwa mashine ya Enigma. Kuna pale wenzake wanamwambia wanakwenda kula. Kimya. Wanarudia. Kimya. Wanapomkasirikia, anajibu kwamba hakuna aliyemuuliza chochote, wamemwambia tu kuwa wanakwenda. Nilicheka kama mwehu. Na saa sita ya usiku inapogonga, nyuso zinawashuka: Wajerumani wamebadilisha mpangilio wa Enigma, kazi ya siku nzima haifai hata kufungia maandazi. Hapo ndipo nilipouelewa ugumu wa Enigma.

Mjomba alianza kuguna mkubwa wao, Denniston, alipotaka mashine aliyoiunda Turing ya kuifumbua Enigma izimwe na Turing afukuzwe. "Chumvi hiyo," akasema. Kumbe zipo nyingine. Mashine hiyo haikuitwa Christopher kama filamu inavyosema. Ya kwanza iliitwa Victory. Gordon Welchman, mwenzake Turing aliyeiongezea kifaa kilichoipa kasi, hayumo kabisa. Wapolandi, yaani mwanahisabati Rejewski na wenzake wawili, waliivunja Enigma tangu 1932 wakawapa Waingereza siri zake Julai 1939, lakini kwenye filamu wanapita kama harufu ya biriani ya jirani. Na Bletchley robo tatu ya wafanyakazi walikuwa wanawake! Kwenye filamu ni Joan Clarke, mfumbuzi mwenzake Turing anayeigizwa na Keira Knightley, karibu peke yake.

Halafu mjomba akanipa habari ambayo haimo kwenye filamu, nami nikaona haya kutoijua. Mwaka 1942 Waingereza wa kazi hiyohiyo, waliokuwa wakiwakimbia Wajapani kutoka Singapore hadi Colombo, walihamia hapa Mombasa. Wakakaa kwenye shule ya Allidina, wakiufumbua ujumbe wa meli za Japani. Shule ninayoipita kwa matatu kila wiki! Hiyo nayo ingetosha filamu, tena yenye minazi.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayoniuma. Mwaka 1952 Turing alihukumiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, akachagua dawa za homoni badala ya jela. Alifariki 1954, akiwa na miaka 41. Msamaha wa kifalme ulikuja Desemba 2013. Kwenye filamu, baada ya hukumu hiyo, Joan anamwekea Turing chemshabongo mbele yake, na yule aliyemshinda Hitler anashindwa hata kuianza, mikono inatetemeka. Hapo mjomba hakuguna. Aliniomba nirudishe nyuma tuione tena.

Nyota nne kati ya tano. Washa maandishi ya chini, maana hawa watu wanaongea mbio.