Saa janja ya mtetemo kwa wanandoa wanaoamka saa tofauti: uzoefu wangu

Wanandoa wanaolala chumba kimoja na kuamka kwa saa zinazopishana wanaijua vizuri adha ninayotaka kuieleza, na kwa ajili yao naandika jinsi saa janja ya mkononi, ile inayomwamsha mvaaji kwa mtetemo bila mlio wowote, ilivyobadilisha usiku wetu nyumbani Kimara, Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kigamboni, na ili niwahi kazini sina budi kuamka saa kumi na nusu alfajiri, nipande basi la mwendokasi Kimara Mwisho hadi Kivukoni, kisha nivuke kwa pantoni. Mume wangu ni mpishi katika hoteli iliyoko Masaki. Akiwa zamu ya jioni hurudi saa saba usiku, na akiwa zamu ya kifungua kinywa huamka saa tisa usiku, kwa kuwa gari la kazini humpitia mapema.

Kwa ratiba kama hiyo, alamu ya mmoja wetu lazima imkute mwenzake katikati ya usingizi. Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku, nasi tulikuwa mbali na kiwango hicho, si kwa kuchelewa kulala tu bali pia kwa kuamshwa na simu ya mtu mwingine. Jambo lililotuumiza zaidi ni kile kitufe cha kuahirisha alamu. Mwenye simu huibonyeza na kusinzia tena papo hapo, ilhali yule asiyehusika amekwisha kuzinduka na analala macho akisubiri ilie mara ya pili. Naamini kuahirisha alamu ukiwa na mtu kando yako ni kumdhulumu, hata kama hakusudii kulalamika.

Kuiweka simu katika mtetemo peke yake hakukusaidia, kwa sababu simu ikitetema juu ya meza ya mbao, mbao yote huvuma, na kitanda kilichogusana nayo hupokea mvumo huo. Chini ya mto nako si mahali pa simu, hasa ikiwa inachajiwa, maana joto lake hukosa pa kutokea.

Saa janja hufanya kazi kwa njia rahisi sana. Ndani ya nyingi mna mota ndogo yenye uzito uliokaa upande mmoja, na mota hiyo inapozunguka, uzito huo huitikisa saa nzima dhidi ya ngozi ya mkono. Viziwi wametumia saa za mtetemo, zikiwemo za kuweka chini ya mto, kabla saa janja hazijafika madukani kwetu. Kwa saa tulizonunua, alamu ikishapangwa kwenye programu ya simu huhifadhiwa ndani ya saa yenyewe, kwa hiyo hata simu ikizimwa au ikiachwa chumba kingine, mtetemo unakuja kwa wakati wake.

Tulinunua mbili Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 75,000 kila moja. Kijana aliyetuuzia alinipa ushauri ambao nauthamini mpaka leo: “Dada, watu wengi wanaangalia kioo. Wewe vaa, tuitegee alamu ya dakika moja, usikilize mkono wako.” Tulijaribu kadhaa palepale, na tofauti ilikuwa kubwa, kwani nyingine zilitetema kwa unyonge kiasi kwamba nisingezihisi hata nikiwa macho. Mnunuzi akikataliwa kujaribu namna hiyo, namshauri aende duka jingine.

Kwangu mimi saa hii imefanya kazi kikamilifu. Mtetemo unaanza mkononi, ninaugusa kioo, ninatoka ndani ya chandarua taratibu, na mume wangu hageuki hata ubavu. Zamani ilinibidi kupapasa nje ya chandarua kuitafuta simu, na kule kupapasa kulimwamsha hata pale mlio ulipowahi kuzimwa. Pangaboi nalo linatusaidia, kwa sababu mvumo wake hufunika ile sauti hafifu ya mota.

Kwa mume wangu, mwenye usingizi mzito, mambo hayakwenda sawa moja kwa moja. Saa ikilegea mkononi, mtetemo humpita. Ilibidi akaze mkanda kidogo wakati wa kulala, aivae upande wa ndani wa kifundo cha mkono, na achague mtetemo mrefu unaorudiwa badala ya ule mfupi. Sasa anaamka. Hata hivyo ningependa watengenezaji waongeze nguvu ya mota, kwani wenye usingizi kama wake ni wengi, na wanaolala nao ndio wanaoihitaji saa hii zaidi.

Kasoro nyingine inatokana na hali yetu ya hewa. Mkanda wa silikoni katika joto la Dar es Salaam, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, huhifadhi jasho na kuleta vipele. Tumebadilisha na kuweka mikanda ya kitambaa, ambayo huuzwa kwa bei ndogo na hufuliwa kwa sabuni ya kawaida. Chaji inadumu vizuri, ingawa haifikii siku 14 zilizoandikwa kwenye boksi kwa sababu tumewasha kipimo cha mapigo ya moyo, na umeme unapokatika usiku alamu haiathiriki. Ripoti ya usingizi inayotolewa asubuhi siitilii maanani sana. Saa ya mkononi hukisia hatua za usingizi kwa kufuata mijongeo na mapigo ya moyo, haipimi ubongo, kwa hiyo haiwezi kuwekwa mahali pa kipimo cha hospitali.

Saa hii inatatua tatizo la mlio peke yake. Taa, mlango wa kabati na mfuko wa plastiki unaochakarishwa gizani vinaamsha vilevile, na ndiyo maana nguo na mkoba wangu huvitoa sebuleni kabla ya kulala, naye hufanya hivyo na sare zake za jikoni. Simu zetu pia hulala sebuleni, alamu zake zikiwa zimepangwa dakika 15 baada ya zile za mkononi, kwa ajili ya siku ambayo mmoja wetu atakuwa amesahau kuchaji saa yake. Anayeamka huizima ya kwake kabla haijalia, wakati maji ya chai yanachemka.