Tiketi ya yuro 63 Ujerumani na gari la Dallas: nimeishi na vyote viwili, nawaambia

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sikai ndani. Niko Hamburg, kwenye gati la Landungsbrücken, na huo upepo mnaousikia ndio hali halisi ya huku. Maikrofoni ni ile mpya. Mliochangia, asanteni sana, nitawataja mmoja mmoja Jumapili.

Tangu nirudi kutoka Dallas kwa dada yangu mnaniuliza swali moja tu: wapi nafuu, Marekani au Ulaya? Kodi ya nyumba itakuwa na video yake. Leo nachambua kitu kimoja kilichomo humu kwenye simu: Deutschlandticket. Yuro 63 kwa mwezi. Basi, tramu, treni za mijini na za mikoani, nchi nzima, hayo mnayajua. Hiki hapa sidhani kama mnakijua.

Angalieni nyuma yangu. Hao ni wapiga debe wa boti za watalii, kuizungusha bandari saa moja ni zaidi ya yuro 20. Mimi nawapita. Naenda kwenye pantoni namba 62. Hakuna dirisha la tiketi, hakuna foleni, naingia tu, napanda ngazi, niko sitaha ya juu. Haya, tunaondoka. Geuzeni macho kushoto: yale makreni, zile kontena, meli imelala pale kubwa kama mtaa. Nyuma yetu lile jengo la kioo lenye paa la mawimbi ni Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki. Karibu nusu saa mtoni mpaka Finkenwerder, na sijatoa hata senti, kwa sababu pantoni hii ni usafiri wa umma kama basi. Ukikaa hapa unakumbuka pantoni ya Kigamboni, watu wametoka kazini, baiskeli zimeegemezwa ukingoni. Naipenda. Wageni wangu wote nawaleta hapa kwanza.

Na si Hamburg peke yake. Tiketi hiihii inakupeleka Lübeck kwa dakika kama 45, inakufikisha hata Salzburg, ambako tayari ni Austria. Treni za kasi, zile ICE, hapana, usijaribu. Ukipanda bila tiketi halali faini inaanzia yuro 60. Na kitambulisho uwe nacho, maana jina kwenye tiketi ni lako, humwazimi mtu.

Sasa Dallas. Dada yangu anakaa Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth. Mji wa watu karibu 400,000, lakini basi la kawaida la kusimama kituoni, hakuna. Kuna vigari vya kuita kwa simu. Kwa hiyo gari si anasa kule, ni miguu. Mkopo wa gari analipa dola 410 kwa mwezi, bima 190. Hiyo ni dola 600 kabla hajatia mafuta, kabla tairi halijapasuka. Mafuta kwa kweli ni rahisi, dola 3 hivi kwa galoni, na galoni ni karibu lita 3.8. Hapa lita moja tu inacheza kwenye yuro 1.70. Mwenye gari Ujerumani analia, hilo sikatai.

Mtasema Dallas si New York. Sawa. New York nauli ni dola 3, na ukifikisha dola 35 ndani ya siku 7 hukatwi tena. Wiki nne, dola 140. Ni mfumo mzuri, treni zinakesha usiku kucha, hapo wanatushinda. Lakini hiyo ni ya New York tu, na hii yangu ni ya nchi nzima.

Kingine kilichonichosha kule ni bei za dukani. Nilishika sufuria, kibandiko kinasema dola 30, kaunta nikaambiwa 32.48. Kodi ya mauzo asilimia 8.25 inaongezwa pale pale unapolipa. Huku kodi ni kubwa zaidi, asilimia 19, ila imo ndani ya bei uliyoiona. Unahesabu sarafu zako ukiwa bado kwenye rafu.

Sasa ngoja niseme kinachoniudhi, na naomba mnisikilize vizuri kwa sababu kitawaokolea pesa. Hii si tiketi ya kununua mara moja, ni mkataba unaojirudia. Kusitisha, mwisho tarehe 10 ya mwezi. Mimi nilijua nakwenda Dallas mwezi mzima, nikasitisha tarehe 12. Nimechelewa siku mbili! Nikaandika barua pepe, nikaeleza, nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba masharti ni masharti. Yuro 63 zikakatwa, na mimi niko Arlington nasubiri dada atoke zamu anipeleke dukani. Iliniuma. Fungueni simu sasa hivi, wekeni kengele tarehe 8.

Na bei inapanda. Kiangazi cha 2022 ilikuwepo ya yuro 9. Mei 2023 hii ikaanza kwa 49, 2025 ikawa 58, mwaka huu wa 2026 ndiyo 63. Nilipoanza kurekodi nilitaka kusema kila mtu achukue. Sasa nasema hivi: kama unatembea kwenda kazini na mji huutoki, piga hesabu kwanza. Kama kila siku unapanda treni au basi, chukua bila kuwaza.

Tumefika Finkenwerder, wanafunga kamba. Mlioko Marekani, Columbus na Minneapolis, niandikieni hapo chini mnalipa bima kiasi gani, Jumapili saa 2 usiku za Dar tuzisome pamoja. Nashuka, nanunua mkate wa samaki, narudi na pantoni ijayo.