Mkeka wa plastiki au turubai mlangoni mwa hema?

Ndugu watazamaji, karibuni. Mkeka huu ninaouonyesha ni ule ule wa plastiki, wa futi 4 kwa 6, ambao wengi wetu huutandika barazani nyumbani, na leo ninauchambua kama kifaa cha mlangoni mwa hema, nikiulinganisha na kipande cha turubai ambacho wapiga kambi wengi hukitumia kwa kazi hiyo hiyo.

Nilivijaribu vyote viwili katika kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambapo ukungu hushuka na nyasi hulowa chapachapa hata kama mvua haikunyesha. Viatu vya ngozi navyo haviachwi nje usiku, kwa kuwa fisi huvitafuna, kwa hiyo matope ya kutwa nzima huishia mlangoni.

Turubai liliniudhi usiku wa kwanza. Kwa kuwa halipitishi maji, umande na manyunyu vilituama juu yake, na kwa kuwa nilikuwa nimelisukumiza chini ya sakafu ya hema ili lisipeperuke, maji yalifuata mteremko hadi chini ya godoro, nikaamka alfajiri na kukuta soksi nilizoziweka karibu na zipu zimelowa. Kosa, nakiri, lilikuwa langu: turubai lililochomoza nje ya hema hugeuka mfereji.

Sasa tazameni ninavyomimina kikombe cha maji juu ya mkeka. Yanapenya kwenye mianya, na mchanga ninaoukung'uta kutoka kwenye soli unashuka nayo badala ya kuufuata mguu ndani. Ninautandika chini ya kibaraza cha hema, ukichomoza nje hatua moja, bila kuingia chini ya sakafu hata kidogo. Kisha mtu huketi mlangoni miguu ikiwa nje, huvua viatu, huvigonganisha soli kwa soli, na kuviingiza ndani vikiwa ndani ya mfuko.

Kasoro zake zipo. Ni mwepesi mno kwa upepo na hauna matundu ya vigingi, hivyo nimelazimika kushona vitanzi vya kamba kwenye pembe zote nne. Ukilowa, huteleza. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaoganda kwenye soli kama ugali, mianya huziba mara moja, na hapo kijiti cha kukwangulia kinafaa kuliko mkeka wowote.

Vumbi linalobaki huishia kwenye meno ya zipu na kuyala taratibu. Mimi huyasugua kwa mswaki mkuukuu mkavu kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wote, kisha nauanika mkeka kwenye kamba ya hema.