TAHADHARI: Muuza vipande vya Subaru anazunguka Malindi, ni mwizi

Naandika vidole vikitetemeka kwa hasira. Subaru Impreza yangu ilipata ajali pale Gede, wengi mwaijua, sitairudia. Nilikuwa natafuta uso wa mbele tu: bampa, boneti na fenda mbili.

Huyu mtu akanambia ana Impreza ya buluu iliyofanyiwa modi, anaivunja auze kipande kipande. Vyote 38,000. Tukakutana Maweni, magharibi ndiyo kwanza imeadhiniwa. Pikapu, vitu vimeviringishwa blanketi na selotepu. Akafunua pembe moja ya fenda, akaimulika kwa simu. Nikapitisha kiganja: laini, rangi inang'aa. Nilipotaka kufungua bampa akanishika mkono. "Shekhe, itakwaruzika bure. Imetoka Mtwapa salama, ifungulie kwa fundi wako." Nikaacha! Nikatuma pesa pale pale, jina likatokea la mwanamke. "Laini ya mke wangu." Hilo nalo nikalimeza.

Msinilaumu. Alikuja na kanzu, akanisalimu kwa utaratibu, akamuulizia mamangu hali kwa jina la ugonjwa wake. Aliapa Wallahi mara tatu. Na gari anazijua: alinambia boneti ya WRX, ile Impreza ya kasi, ni ya aluminiamu, haili kutu kwa hii chumvi yetu, hata sumaku haishiki. Ni kweli. Ndicho kilichonimaliza, mtu akikwambia kweli moja unampokea na uongo wote unaofuata.

Asubuhi fundi akaweka sumaku kwenye boneti. Ikashika kap! Bati la chuma la kawaida, ile pua ya juu ya kuingiza hewa ni faiba imebandikwa. Akaiweka kwenye fenda, ambayo ndiyo ya chuma, ikaanguka chini. Akapiga msasa: filla, ile puti ya kuziba mabonde, nene kama kidole, chini yake kutu imetoboa. Bampa pia ni faiba, masikio yamevunjika yakagundishwa, tena ni ya sura ya 2006. Gari yangu ni ya 2004, taa hazikai hata kwa nyundo. Nilisimama mbele ya vijana wa gereji sina la kusema.

Nikapeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom pesa zirudishwe, zilikuwa zishatolewa. Simu yake haipatikani.

Huyu ni wa kufungwa. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema miaka 3 kwa anayejipatia mali kwa udanganyifu. Miaka 3 ni michache, pesa ile ilikuwa na kazi yake na nyumbani wanajua. Nimesharipoti polisi na simsamehi.

Basi: mtu akikataza usifungue, ondoka. Giza, ondoka. Jina la M-Pesa si lake, usitume. Geuza bampa utazame ndani, ya kiwandani huwa na herufi PP, yaani aina ya plastiki yenyewe, zimepigwa chapa ndani. Sumaku nendeni nayo.

Pikapu ni nyeupe, taa ya nyuma kushoto imezibwa na selotepu nyekundu. Atakayeiona, iwe Watamu, Kilifi au Mtwapa, anipigie hata saa nane usiku.