Kujiandikia jedwali la kusaka vituo vya TV kwenye Linux: uzoefu wangu

Nimekuwa nikitumia dvbv5-scan, programu ya Linux ya kusaka vituo vya TV, hapa Mombasa kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye TV HAT, bodi ya kupokea matangazo ya TV, antena ikiwa juu ya paa. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Tofauti na king'amuzi cha dukani, programu hii haianzi kusaka mpaka uipe jedwali, yaani faili lenye masafa ya kujaribu. Kifurushi cha dtv-scan-tables kina mafaili mengi ya aina hiyo: uk-CrystalPalace, de-Berlin na wenzao. La Mombasa sikuliona, kwa hiyo nikajiandikia langu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwenye UHF yetu, bendi ya masafa ya TV, kila chaneli ina upana wa megahezi 8: ya 21 iko 474, ya 22 iko 482, unaongeza nane nane hadi ya 48 iliyo 690. Jumla 28, na kila moja inataka mistari minne:

[CHANNEL]
DELIVERY_SYSTEM = DVBT2
FREQUENCY = 474000000
BANDWIDTH_HZ = 8000000

Jioni ya kwanza sikupata kituo hata kimoja. Nilikuwa nimeandika 474 tupu, kumbe inataka hezi, sufuri zote sita. Nikarekebisha, bado kimya. Safari hii kosa lilikuwa DVBT, toleo la kwanza la mfumo wa TV ya dijitali ya antena, niliyoinakili kutoka faili la zamani la Uingereza. Kenya tunarusha kwa DVB-T2, toleo la pili, na ukikosea hapo bodi haishiki kitu hata mnara ukiwa mbele ya dirisha lako. Nyota moja nimeizuia kwa sababu hii: programu ilinyamaza tu mara zote mbili, nami nikapoteza saa nyingi kuhangaika na waya wa antena usio na kosa.

Ilipokubali, masafa manne yalishika. Nikayafuta yale 24 mengine, na msako uliokuwa ukinichukua dakika kadhaa sasa unaisha upesi. Fahamu kwamba vituo vya kulipia navyo vitaingia kwenye orodha, lakini havitafunguka.

Kama unataka kuangalia taarifa ya habari leo usiku, nunua king'amuzi. Kama unapenda kujua mnara wako unarusha nini, andika hilo faili. Langu lina mistari 16, na jirani yangu alipoweka TV HAT yake nilimpa kwenye flashi. Alipata picha siku hiyo hiyo.