Betri za kuchaji: miaka mitatu na mashine ya presha ya mama

Mama ana presha, na daktari alimtaka aandike vipimo vyake asubuhi na jioni. Mashine yake ya mkononi yala betri 4 za AA. Kwa mawe ya kawaida ya dukani hapa Majengo (nyumbani kwetu bado twayaita mawe) tulikuwa tukibadilisha kila baada ya wiki tatu hivi, maana ile pampu inayojaza hewa kwenye kitambaa cha mkono ndiyo inayofyonza umeme. Usiku mmoja mama aliamka kichwa kikimgonga. "Mwanangu, hii mashine yalala tena." Maduka yamefungwa. Nikachomoa betri za rimoti, kumbe ni AAA, nyembamba, hazishiki. Tulikaa mpaka alfajiri bila kujua presha yake iko wapi. Kulipokucha nikaamua kununua betri za kuchaji.

Za kwanza nilizipata barabarani mjini, zimeandikwa 4800 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri yaweza kubeba) kwa herufi kubwa. Zilimaliza siku nne. Jirani yetu ni sonara, akaniwekea moja kwenye mizani yake ya dhahabu: gramu 15. Betri halisi ya AA ya aina ya NiMH (nikeli na hidridi ya metali, aina ya kawaida ya betri za kuchaji) hukaribia gramu 26 hadi 30, kwa hiyo ndani ya ile kulikuwa na nafasi tupu zaidi ya mali. Tangu siku hiyo nawaambia watu waikimbie namba kubwa. AA ya NiMH, hata itoke kiwanda gani, huishia 2500 na ushee. Ukiona 3000, 4000, 5000, rudisha mahali pake.

Baadaye nikanunua Eneloop, zile nyeupe, 4 kwa zaidi ya shilingi 2,000. Zilianza kuuzwa na Sanyo mwaka 2005, siku hizi pakiti ina jina la Panasonic. Kifuani zimeandikwa 1900 tu, na mwenye duka mwenyewe alinishawishi nichukue "zenye nguvu zaidi". Sikukubali, nashukuru. Sifa yake ni kwamba hupoteza chaji polepole sana zikikaa. NiMH za zamani ukizichaji leo, baada ya miezi michache kabatini unakuta zimebaki nusu au pungufu. Hizi waziweka, unasahau, siku ukizihitaji zafanya kazi. Kiwanda hutoa ahadi ya miaka mingi, lakini ahadi ile imepimwa kwenye nyuzi 20, na chumba changu mwezi wa Machi, kaskazi likififia, hakiijui nyuzi 20 hata saa tisa usiku. Joto huharakisha upotevu. Kwa hiyo akiba yangu naichaji upya kila miezi minne, na siiweki juu ya friji wala dirishani.

Chaja ndiyo wengi huidharau, na mimi naona ina uzito kuliko betri. Ile ya bei nafuu huchaji mbili mbili kwa pamoja: moja ikiwa imejaa na mwenzake tupu, iliyojaa huendelea kupikwa. Nunua yenye kuhudumia kila nafasi peke yake na kusimama yenyewe betri ikijaa. Yangu ina kioo kinachoonyesha kila betri imetoa mAh ngapi, na hicho kioo ndicho kilichotoboa siri ya zile 4800: hakuna iliyofika 700.

Si kila kifaa kinahitaji betri za kuchaji. Saa ya ukutani nimeiachia betri ya alkali, ile ya kawaida isiyochajiwa, kwa kuwa inakula kidogo mno na hukaa mwaka mzima na zaidi. NiMH hutoa volti 1.2 badala ya 1.5; mashine ya presha haikujali, redio haikujali, tochi moja ya zamani ilififia kidogo. Lakini jihadhari na betri za lithiamu zinazoitwa 14500. Ukubwa ni sawasawa na AA, volti ni 3.7, na ukizitia kwenye kifaa cha kawaida waweza kukiunguza.

Jambo jingine la pwani yetu ni chumvi ya hewani. Vile vyuma vya kushikia betri hushika kutu ya kijani mapema. Kila mwezi navisugua kwa kitambaa kikavu, na kifaa kisichotumika natoa betri zake zote. Redio ya marehemu baba iliharibika kwa mawe yaliyovujia ndani tukiwa tumeiweka kabatini kama ukumbusho, na hilo laniuma mpaka leo.

Kila nne zangu hutembea pamoja, sizichanganyi, na nimeziandika mwezi niliozinunua kwa kalamu ya wino. Za mama zina miaka mitatu sasa. Mashine husoma siku arubaini na kitu kabla ya kuzichaji. Wiki iliyopita nilizipima tena: tatu zimetoa zaidi ya 1800, ya nne 1760. Hiyo nimeitia nukta nyekundu niifuatilie.